Zawadi Haitazamwi Mgongo

Katika adabu walizotuachia wazee wetu, wa pwani na wa ziwani sawasawa, sijui iliyo kongwe wala iliyo tamu kuliko adabu ya kupokea zawadi: kwamba mtu akikujia na kitu mkononi, kiwe kuku, kiwe kitenge, kiwe kipande cha mbuta kilichofungwa gazetini, hukipokea kwa mikono miwili, ukamshukuru kwa maneno yanayozidi thamani yake, ukakiweka mahali pa heshima bila ya kukichungulia chini, maana mwenye kuigeuza zawadi mgongo mbele ya aliyeitoa huhesabiwa kuwa mtovu wa shukrani, na aghalabu mtovu wa malezi pia. Adabu hii sina ugomvi nayo, kwa kuwa imetunza udugu wa vizazi vingi na imewaepusha wakwe wengi na mashtaka. Lakini aliyeitunga, Mungu amrehemu, aliishi kabla ya kuwako umeme, wala hakuweza kubashiri kwamba iko siku zawadi zingekuja kutoka ng'ambo zikiwa na tabia zao zote, hasira zao na kiasi cha uvumilivu wao vimeandikwa juu ya kibati kidogo kilichobandikwa, ama kwa sahau ama kwa istihizai, mahali pale pale ambapo mtu mwenye adabu hatazami.

Nasema haya nikiwa shahidi wa macho, kwa kuwa nilipata kuwa karani wa jumuiya moja ndogo mjini Kisumu, iliyokuwa na makusudio makubwa ya kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika, na chumba kimoja na nusu cha kuyatekelezea, ghorofani juu ya duka la vitambaa, hatua chache kutoka barabara ya Oginga Odinga. Kazi yangu ilikuwa kuandika kumbukumbu za mikutano, kazi ambayo humpa mtu haki ya kuwapo kila mahali na humwondolea wajibu wa kusema lolote. Mwenyekiti wetu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mzaliwa wa mwambao wa Homa Bay, ambaye wote tulimwita Jaduong' kwa heshima iliyochanganyika na hofu. Mweka hazina alikuwa amestaafu kazi ya reli, mtu wa tahadhari aliyekikagua hata kiti kabla ya kukikalia. Katibu muhtasi alikuwa mama mmoja mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Na tarishi alikuwa kijana ambaye hapana mlango, kufuli wala tundu la umeme lililopata kumshinda.

Kwa miaka mingi tuliishi na mashine moja ya kupiga chapa, nzito, isiyohitaji umeme ila nguvu za vidole, na tulidhani kwamba tungezikwa nayo. Kisha rafiki zetu wa Marekani, watu wema ambao jina lao silitaji kwa sababu wema wao haukuwa na kasoro ila ya kijiografia, wakatuandikia kwamba ofisi yao inabadilisha vyombo, na kwamba vile vya zamani, ambavyo vingali vizima, wamekwisha kuvipakia katika kontena kwa ajili yetu: kompyuta tatu, printa moja, na mashine ya fotokopi ambayo wanaume wanne hawakuweza kuipandisha ngazi bila ya kupumzika na kulaumiana.

Hatukuwa na tashwishi yoyote, kwa kuwa mji wetu una mazoea ya kale ya kupokea vitu vya mbali. Reli ilipofika hapa mwezi wa Desemba 1901, siku hizo mahali hapa pakiitwa Port Florence, haikukawia kuleta meli zilizofunguliwa vipande vipande; Winifred, iliyoundwa Uskochi, iliunganishwa hapa hapa ukingoni ikashushwa majini mwaka 1902, na haikusikika kwamba ziwa liliikataa kwa sababu ya asili yake. Maji ni maji, yawe ya Uskochi au ya Nyanza, na chuma kiwezacho kuelea kule huelea na huku. Kwa kuwa umeme nao hupita bila ya kuonekana, na kwa kuwa taa za Marekani tulizoziona katika picha huwaka kama hizi zetu, tulichukulia kwamba mambo ni yayo kwa yayo.

Mtu mmoja tu alitia shaka. Vyombo vilipokwisha kupangwa ukutani, mweka hazina alivaa miwani yake akasema kwa unyenyekevu, "Jaduong', kabla hatujavitia stima, si vibaya tukivigeuza tukasoma yaliyoandikwa mgongoni."

Mwenyekiti alimtazama kitambo, kwa jicho ambalo bila shaka lilipata kuwatazama wanafunzi wengi waliochelewa. "Ndugu mweka hazina," akasema, "wewe ni mtu wa ziwa. Umemsahau Nyamgondho wuod Ombare?"

Hakuna aliyemsahau. Nyamgondho, mvuvi fukara wa Nyandiwa, huko Gwassi, alinasa majini bibi kikongwe badala ya samaki, akamchukua nyumbani kwake, na kwa baraka ya bibi huyo boma lake likajaa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Hata usiku mmoja, akiwa amelewa, akamsimanga kwa asili yake, kwamba yeye ni kitu kilichookotwa ziwani tu, na bibi akatoka asitazame nyuma, na mifugo yote ikamfuata mpaka majini, ikazama ikapotea. "Neema ikikujia," akahitimisha Mwenyekiti, "usiiulize ilikotoka." Mweka hazina akavua miwani. Nami nikaandika katika kumbukumbu kwamba shauri la kuvigeuza vyombo lilijadiliwa kwa kina na kukataliwa kwa sababu za kihistoria.

Dalili ya kwanza kwamba wageni wetu hawakuwa wa ukoo wetu ilikuwa miguu yao. Plagi ya Kenya, tuliyorithi kwa Waingereza, ina miguu mitatu ya pembe pembe na fyuzi yake ndani. Hizi zilikuwa na ndimi mbili bapa, na baadhi zilikuwa na kijiti cha mviringo chini ya ndimi hizo. Mtu mwingine angalisimama hapo akatafakari, lakini tarishi wetu hakuumbwa kwa kutafakari. Yeye alikuwa stadi wa kuingiza plagi ya miguu miwili katika soketi ya matundu matatu kwa kulichokoa tundu la juu kwa kalamu, elimu ambayo nusu ya nchi inayo na mafundi wote wa umeme huilaani. Na ndimi bapa zilipomkatalia hata kwa kalamu, alishuka dukani akarudi na adapta, vidude vyeupe vya bei ya soda, ambavyo hupokea mguu wa kila taifa upande mmoja na kutoa mguu wa Kiingereza upande wa pili. Tulimsifu. Adapta mbili zilipungua, kwa hiyo kompyuta ya tatu pamoja na printa viliachwa vikingoja, na hapana aliyejua kwamba kungoja huko ndiko kulikokuwa kunusurika kwao.

Adapta, ni lazima niseme hapa kwa faida ya wenye ofisi, hubadilisha umbo la mguu tu. Umeme wenyewe haiugusi. Ulioingia kwa volti 240 hutoka kwa volti 240, na chombo kilichozaliwa kwa volti 120 hupokea, bila ya onyo wala kuombwa radhi, maradufu ya haki yake. Na maradufu hayo si haba, kwa kuwa katika waya wa kupasha moto msukumo ukizidi mara mbili nguvu huzidi mara nne, hesabu ambayo walimu huifundisha darasani na wanafunzi huisahau mpaka siku wanapoisikia ikilia.

Sisi tuliisikia siku ya uzinduzi, mbele ya naibu chifu, mchungaji, wanafunzi wetu wa darasa la jioni na kreti za soda zilizopangwa mlangoni. Mwenyekiti alihutubu kwa muda mrefu juu ya nuru ya elimu, akaeleza jinsi giza la ujinga linavyokimbia, kisha, katika ukimya uliojaa matumaini, akainama kwa taadhima akabonyeza swichi ya ukutani.

Kompyuta ya kwanza ililia mlio mmoja mkavu, wenye nguvu ya kutosha kuamsha njiwa wote wa paa la jirani, na ya pili ikaitikia kabla ya mwangwi kwisha. Wageni wakapiga makofi. Katika sherehe nyingi mlio ni sehemu ya heshima, na hapana aliyekuwa na sababu ya kudhani kwamba huu haukupangwa. Naibu chifu alipiga makofi kwa bidii kuliko wote, ingawa alikuwa akiyapigia chini ya meza. Mashine ya fotokopi, kwa upande wake, haikulia. Ilinguruma kwa raha, ikawasha taa yake chini ya kioo kwa nuru ambayo sijapata kuiona tena katika mashine ya namna ile, nuru nyeupe iliyopenya kando ya kifuniko ikapiga mstari darini, na katibu muhtasi akasema kwa mahaba, "Kitu cha Marekani ni cha Marekani tu." Kisha nuru ikazimika, na mahali pake pakaja moshi mwembamba na harufu kali yenye shombo ndani yake, hata mchungaji, ambaye alikuwa ameahidiwa chakula cha mchana, akasimama akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni samaki wetu aliyeungua jikoni.

Mkutano wa dharura uliitishwa alasiri ile ile, na nadharia hazikukosekana. Bawabu alishikilia kwamba ni radi, na katika pande hizi za ziwa, ambako jua la asubuhi huyapandisha mawingu na alasiri hurudi yakinguruma, radi ni mshukiwa anayeaminika. Ila siku ile mbingu ilikuwa safi mpaka upeo wa macho. Katibu muhtasi alisema ni husuda ya ofisi ya chini, iliyoona wivu tulipopandisha vyombo. Wengine walitaja kampuni ya umeme, ambayo katika mji wowote wa Kenya hushtakiwa hata kuku akipotea. Lakini fundi wa jengo alipopima soketi kwa kipimo chake akakuta volti 240 kamili, bila kupungua wala kuzidi, ikabidi tukiri, kwa masikitiko, kwamba kampuni ilikuwa imetupa kile kile ilichoahidi.

Hakika mkosa alikuwa historia. Thomas Edison alipofungua kituo chake cha umeme cha Pearl Street, New York, mwezi wa Septemba 1882, alichagua volti 110 kwa kuwa ndizo zilizozifaa taa za nyuzi za kaboni za siku zile, na Wamarekani, ambao hubadilisha kila kitu isipokuwa walichozoea, wakabaki karibu na hapo hapo, volti 120, mapigo 60 kwa nukta. Ulaya ilipanda ikafika karibu ya maradufu, kwa mapigo 50, maana volti zikiwa nyingi waya mwembamba hutosha kupeleka nguvu ile ile. Na sisi tuliotawaliwa na Waingereza tukarithi 240 zao, pamoja na chai ya saa nne na kushika mkono wa kushoto barabarani. Wajapani wao wana volti 100, mapigo 50 upande mmoja wa nchi na 60 upande wa pili, na bado wanaelewana.

Tena umeme wa nchi hii wenyewe ulianza na mtumba kutoka ng'ambo, kwa kuwa historia ya umeme wa Kenya husimulia kwamba jenereta ya Seyyid Barghash, iliyomulika kasri yake ya Unguja, ilinunuliwa na Harrali Esmailjee Jeevanjee, tajiri wa Mombasa, na mwaka 1908 ikaingia mikononi mwa kampuni ya umeme ya mji huo. Lakini mtambo utoao umeme huja na sheria yake, na taa ndizo zinazotafutwa za kuifuata; mashaka humpata yule ajaye kupokea, kwa sababu mgeni hula kilichopikwa. Na kinachopikwa huku kwetu si uji wa mgonjwa: Mto Sondu huteremka ukazungusha mitambo ya Sondu Miriu yenye megawati 60, kisha maji yale yale, kabla hayajavuta pumzi, huzungusha ya Sang'oro yenye megawati 21, ndipo yanaporuhusiwa kwenda ziwani kupumzika.

Maiti zetu zilipelekwa kwa mkokoteni kwa fundi mmoja karibu na soko la Kibuye, ambaye kibanda chake kilijaa redio zisizo na maganda na maganda yasiyo na redio. Hakuuliza kitu. Aliinama, akaisogezea pua kompyuta ya kwanza mahali inapotokea feni, akavuta pumzi, akasema, "Hii ni ya msaada." Kisha akaongeza, kwa upole wa daktari aliyekwisha kuzoea, "Imekula mia mbili na arobaini na tumbo ya mia moja na kumi."

Akafungua skrubu nne, akatoa kisanduku cha chuma, akakifunua mbele yetu. Ndani palisimama vikopo viwili vyeusi ambavyo vichwa vyao, vilivyochanjwa alama ya msalaba tangu kiwandani, vilikuwa vimefutuka na kupasuka mithili ya maandazi yaliyozidishiwa hamira. Pembeni, fyuzi ya kioo ilikuwa nyeusi ndani kote, na pamba ya karatasi iliyotoka katika vikopo ilikuwa imetapakaa juu ya kila kitu. Fundi alitueleza kwamba hizo ni kapasita, kila moja imeandikwa volti 200, na kwamba kisanduku kile kina njia mbili za kupokea umeme: ukikiambia kwamba umeme ni wa Marekani, hukusanya nguvu mara mbili ili zitoshe, ukikiambia kwamba ni wa huku, huzipokea kama zilivyo. Chetu kiliambiwa Marekani kikapewa Kenya, na kila kikopo, ambacho haki yake ni 200, kikamiminiwa karibu 340, kwa sababu wimbi la umeme wa 240 hupanda juu ya 240 kabla ya kushuka.

"Na huambiwaje?" akauliza mweka hazina.

Fundi alikigeuza kisanduku, akatuonyesha, ndani ya kishimo kidogo, kiswichi chekundu kisichozidi ukucha wa kidole gumba, kimeandikwa 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. "Ungesukuma hii kidogo tu na bisibisi, Jaduong', saa hii mngekuwa mnachapa barua."

"Kiko wapi hicho, mashine ikiwa imefungwa?" akauliza Mwenyekiti.

"Mgongoni, Jaduong'."

Palikuwa na kimya ambacho mweka hazina, kwa uungwana wake, hakukitumia. Alingoja mpaka tuliporudi ofisini, milango ikafungwa, ndipo aliposema maneno ambayo niliyaandika neno kwa neno, kwa kuwa niliona yana faida kuliko maazimio yetu ya mwaka mzima. Alisema kwamba amemfikiria sana Nyamgondho, na kwamba, kwa maoni yake, Nyamgondho hakuangamia kwa kuuliza, bali kwa kusimanga; kwamba laiti angemkalisha yule bibi siku ya kwanza akamwuliza kwa heshima, "Mama, wewe unakula nini, na nini kinakudhuru?" ng'ombe wale wangalikuwa Gwassi mpaka leo. Mwenyekiti alitazama dirishani kwa muda, kisha akasema kwamba hoja hiyo imepokelewa. Kompyuta mbili zilifufuliwa kwa kapasita mpya na fyuzi. Mashine ya fotokopi, ambayo haikuwa na kiswichi cha kuokolea roho, ikawa meza ya vikombe vya chai, kazi iliyoifanya kwa uaminifu.

Ilibaki barua ya kuwashukuru waliotuletea. Mwenyekiti hakutaka wahuzunike, mweka hazina hakutaka tuseme uongo, na baina ya huruma ya mmoja na ukweli wa mwingine ikazaliwa sentensi iliyowaridhisha wote wawili: kwamba vyombo vyao vilipokelewa kwa kishindo ambacho hakijapata kusikika katika ofisi yetu, na kwamba waliohudhuria, akiwamo naibu chifu, hawatakisahau. Rafiki zetu waliisoma barua hiyo kwa furaha kubwa kupita kiasi, wakatuletea shehena ya pili.

Safari hii hapana kilichopanda ngazi bila ya kusailiwa. Mweka hazina alisimama chini na kurunzi, akakilaza kila chombo kifudifudi, akakisoma nasaba yake kwa sauti, nami nikaandika: volti kadha, mapigo kadha, kiwanda fulani. Kwa vile ambavyo havikuwa na kiswichi, tulinunua kwa fundi transfoma ya kushusha umeme, kisanduku cha chuma kilichozungushiwa nyaya za shaba ndani, kizito, chenye kuvuma mchana kutwa kwenye pembe ya chumba na kupata joto ambalo paka wa duka la vitambaa alilithamini. Kiliingiza 240 kikatoa 120, na matundu yake yalipokea miguu ya kila namna, jambo ambalo tulilihesabu kuwa sifa mpaka katibu muhtasi alipochomeka humo birika letu wenyewe, lililonunuliwa mjini. Hapo tulijifunza ile hesabu ya mara nne kwa upande wake wa pili: nusu ya volti hutoa robo ya moto, na chai iliyowekwa saa nne ilikuwa ikinywewa wakati wengine wanauliza habari za chakula cha mchana. Mama yule aliapa kwamba birika limerogwa, na kwa siku kadha alikunywa maziwa.

Lakini kilichotufunza zaidi ni saa. Katika shehena ile palikuwa na redio yenye saa ya tarakimu nyekundu, nzuri, ambayo Mwenyekiti aliamuru iwekwe juu ya kabati ili iwe hakimu wa wachelewaji. Ilikwisha kusailiwa, ikashushiwa volti, ikawaka kwa amani. Ila transfoma hushusha volti tu, mapigo haiwezi kuyaongeza, na saa ile ilikuwa ikihesabu wakati kwa mapigo ya umeme, sitini yakitimia husema nukta moja imepita. Huku kwetu hupiga hamsini. Basi kila saa moja ya Mwenyezi Mungu, yenyewe ilihesabu dakika 50. Tarishi aliirekebisha kila asubuhi saa mbili kamili. Adhana ya adhuhuri iliposikika kutoka msikitini, yenyewe ilikuwa ikidai kwamba ndiyo kwanza saa sita. Na ilipofika saa kumi na moja jioni, wakati ofisi zote za Kisumu zikifunga milango na matatu za Kondele zikiita abiria, saa yetu ilionyesha saa tisa na nusu, na Mwenyekiti, mtu wa sheria, alikuwa bado ameketi akisoma faili.

Katibu muhtasi alilalamika kwa maandishi. Mwenyekiti alijibu, pasipo mzaha wowote, kwamba sasa amefahamu kwa nini Wamarekani wameendelea, kwa kuwa siku yao ni ndefu kuliko yetu, na kwamba si busara kuikataa neema hiyo. Ni mweka hazina aliyetuokoa, na alituokoa kwa elimu ya reli: alieleza kwamba treni ikifuata saa isiyokubaliana na ya stesheni haiitwi treni yenye bidii, huitwa ajali. Saa ikashushwa kabatini, redio ikabaki kuwa redio.

Tangu hapo nimeona ofisi nyingi, na katika kila moja nimeona kitu kimoja kilichofunikwa kitambaa pembeni, chenye chombo cha maua juu yake, ambacho ukikiuliza habari zake watu hutazamana kisha mmoja husema, "Hiyo ilikuwa ya wafadhili." Na mara zote kibati kipo, herufi zake zinasomeka, na mara zote kinatazama ukuta. Ndiyo maana nashikilia kwamba adabu ya wazee ibaki palepale ilipo, lakini iwe ya watu. Mtu akikujia mpe kiti na maji, usimwulize asili yake mpaka aiseme mwenyewe. Mashine ikikujia ilaze kifudifudi, uisome, uiulize inakula nini na mapigo mangapi, na kama haijibu usiiwashe hata kama mleta zawadi amesimama mbele yako akitabasamu. Mwenye kuipenda zawadi huuliza namna ya kuitunza.

Mwenyekiti wetu aliishika elimu hii kwa nguvu ambayo hata mweka hazina hakuikusudia. Miaka baadaye mgeni alipokuja kutoka kwa rafiki zetu wale wale na kompyuta ya kupakata, mpya, ikiwa ndani ya mkoba wake, Mwenyekiti alimpa mkono wa kushoto huku wa kulia ukiwa tayari umekwisha kuipindua chaja, na akasoma, kwa miwani na kisha bila ya miwani: volti 100 mpaka 240, mapigo 50 au 60. Mgeni alieleza kwamba vyombo vya siku hizi hujirekebisha vyenyewe, hukubali umeme wa Marekani, wa Kenya na wa Japani bila ya kuulizwa, na kwamba hapana lolote la kuhofu.

"Hapo ndipo ninapohofu," akasema Mwenyekiti. "Anayesema ndiyo kwa kila mtu hajapata kuniletea heri."

Akaamuru chaja ipitishwe kwanza katika stabilaiza, madirisha yafunguliwe, na wote tusimame ngazini, mgeni akiwa wa mbele kwa heshima yake, ndipo tarishi alipobonyeza swichi kwa ncha ya fimbo ya ufagio. Kompyuta ikawaka, ikapiga kijimuziki chake, ikatulia. Tulingoja kidogo. Mwenyekiti alirudi ndani, akaizunguka, akainusa, kisha akaniambia niandike kwamba imeanza vizuri na iendelee kuangaliwa. Nami nikaandika hivyo, na mpaka nilipoiacha kazi ile, shauri la chaja lilikuwa lingali chini ya Yatokanayo.